Kutoka Tropheus hadi maji chumvi: shajara ya tangi la lita 300, Dar es Salaam

Hali ya mwanzo

Tangi ni la kioo cha milimita 10: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50. Ndani wamo sikilidi wa Ziwa Tanganyika, Tropheus duboisi 18 wa asili ya Maswa, upande wa Kigoma. pH 8.9, KH (ugumu wa kaboneti) 17, joto nyuzi 26. Machujio mawili ya kopo yako kabatini, changarawe ni ya chokaa, na mawe yamepandishwa mpaka karibu na uso wa maji. Lengo ni tangi la matumbawe laini na samaki wanne, wote wa aina zinazoishi pwani ya Afrika Mashariki: Amphiprion allardi wawili, Nemateleotris magnifica mmoja, na kitatange mdogo Centropyge acanthops.

Wanne tu. Tropheus hujazwa makusudi, kwa sababu kundi likiwa dogo dume mkubwa humwandama mnyonge mmoja mpaka amuue. Wakiwa 15 au 20 ugomvi hugawanyika. Uchafu wa kundi hilo huondolewa kwa chujio kubwa na kwa kubadilisha nusu ya maji kila wiki. Kwenye maji chumvi mbinu hiyo haina pa kushika. Kila lita ama umeibeba ama umeitengeneza, na oksijeni ni pungufu: kwa nyuzi 27 maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) hushika takribani miligramu 8 kwa lita, maji ya bahari 6.5. Tena samaki wengi wa miambani hawatulizwi kwa wingi. Aliyetangulia kuingia ndiye mwenye nyumba.

Jingine la kuweka sawa mapema. Mfugaji wa samaki wa Tanganyika hudhani yuko nusu ya safari kwa kuwa maji yake ni magumu na pH iko juu. KH ya ziwa ni kama 16 hadi 19, ya bahari ni kama 7. Kwa hiyo hapa tunashuka. Mazoea ya kumwaga kijiko cha soda ya kuokea kila baada ya kubadilisha maji yaachwe ziwani.

Siku ya 1 hadi 3 (mwanzo wa Septemba)

Samaki wote 18 wamehamia kwa mfugaji mwingine, kundi zima kwa pamoja, kwani Tropheus wakigawanywa huanza vita upya. Ambaye hana wa kumpa asiwapeleke mtoni wala bwawani. Samaki wa ziwa moja hana kazi katika maji mengine.

Kilichobaki kimechambuliwa. Kioo na kabati vinabaki. Machujio ya kopo yanatoka: sponji zake hukusanya uchafu unaoozea humo humo na kupandisha naitreti. Hita ya chuma inatoka, kutu itaimaliza. Pampu ya hewa inabaki kwa ajili ya siku ya umeme kukatika.

Mawe na changarawe vimetupwa, na sababu ni shaba. Tangi hili liliwahi kutiwa dawa ya salfeti ya shaba. Chokaa hunasa shaba na kuiachia polepole; kiasi ambacho samaki hakioni kinaua kamba, konokono na matumbawe. Silikoni nayo hunasa kidogo. Tumeweka lita 50 za maji chumvi, kisha kupima kwa kifaa cha matone: hakuna rangi. Silikoni inabaki. Kingeonekana chochote, tungeikwangua ya ndani yote na kupaka upya.

Fundi bomba akitumwa kununua tenki konekta, aambiwe waziwazi alete za PVC. Zile za rangi ya dhahabu zina shaba ndani yake.

Siku ya 6. Kutoboa

Kabla ya kutoboa, hakikisha kioo hakijachomwa kuwa kigumu. Kilichochomwa hupasuka chote vipande vidogo mara kikiguswa na tobo. Weka skrini nyeupe ya kompyuta upande mmoja wa kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi, tazama kutoka upande wa pili. Ukiona madoa au mistari meusi, usitoboe. Kitako cha tangi hili kilionyesha mistari, kioo cha nyuma hakikuonyesha. Tumetoboa nyuma.

Matundu ni matatu: mawili ya maji kushuka kwenye tangi la chini litakalokaa kabatini (moja ni la akiba, kama la kwanza likiziba), moja la maji kurudi. Kutoka ukingo wa kioo hadi ukingo wa tundu, acha nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu lenyewe. Tobo ni la almasi, mzunguko wa polepole, bila kusukuma. Uzito wa drili unatosha. Bonge la udongo wa mfinyanzi hufanya kijibwawa cha maji kuzunguka tundu, na mtu wa pili ashike kitambaa upande wa ndani. Kila tundu lilichukua dakika 12. Lililo karibu kuharibika ni la tatu, baada ya haraka kuingia: ukingo wa ndani ulimeguka milimita 3, bahati mpira wa konekta umefunika.

Siku ya 9. Tangi la chini na hesabu ya umeme kukatika

Tangi la chini lina sentimita 90 kwa 40 kwa 40, maji yakisimama sentimita 22. Pampu ya kurudisha imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Kwa kupandisha maji mita 1.3 pamoja na elbo tatu, ilijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 45, yaani lita 1,600 kwa saa. Inatosha. Mwendo wa maji kwa ajili ya matumbawe utatoka kwa pampu mbili za mawimbi ndani ya tangi la juu, lita 4,000 kwa saa kila moja.

Hesabu yenyewe iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye mlango wa kabati. Uso wa tangi la juu ni sentimita 120 kwa 50, hivyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 6. Tangi la chini ni 90 kwa 40, kila sentimita ni lita 3.6. Sentimita 18 zilizo wazi juu yake hubeba kama lita 64. Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka mpaka chini kidogo ya ukingo wa kumwagia: sentimita 3, lita 18, pamoja na lita 3 zilizomo kwenye mabomba. Jumla 21, tangi la chini linapanda karibu sentimita 6. Salama.

Hatari ni bomba la kurudisha. Mdomo wake ukiwa umezama, pampu ikisimama maji hugeuka na kuvutwa kurudi chini mpaka mdomo upate hewa. Dawa ni kitundu cha milimita 5 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, kiingize hewa na kukata mvuto. Tumekitoboa. (Soma siku ya 88.)

Umeme: swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, ni lazima. Maji chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya ziwani, na chumvi hutambaa juu ya nyaya kama ukoga. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, tone lianguke sakafuni.

Siku ya 10 hadi 24. Mawe

Mawe ya mwamba hai wa baharini hatuyagusi. Kuvunja matumbawe bila kibali ni kosa, na matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Asitokee wa kusema "kipande kimoja tu".

Tumechukua mawe ya matumbawe ya machimbo ya nchi kavu, yale yale ya kujengea nyumba za pwani. Ni mwamba wa kale, mzito kuliko unaouzwa madukani kwa ajili ya matangi, na matundu yake ni machache. Lakini bei ni ya jiwe la msingi. Kilo 25, zimechaguliwa moja moja: lenye mishipa myekundu ya kutu linarudi, linalotoa vumbi la udongo likigongwa linarudi.

Kuosha kulikwenda hivi. Brashi ngumu na maji ya bomba. Siku tatu kwenye pipa lenye dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, kikombe kimoja kwa lita 20. Suuza. Siku mbili juani. Halafu siku tisa kwenye maji safi ya RO (yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaozuia madini), pampu ikizunguka. Fosfeti siku ya tatu humo: miligramu 0.4 kwa lita. Maji yakabadilishwa mara mbili, siku ya mwisho 0.06. Mawe yakiingia na ile 0.4, mwani wa nyuzi utakula sikukuu mpaka mwaka uishe.

Mpangilio ni vilima viwili vyenye mapango, na sentimita 10 kutoka kila kioo ili sumaku ya kusafishia ipite. Mawe hukaa juu ya kioo cha chini (kipande cha plastiki ngumu kikiwa kati), mchanga hufuata baadaye. Mazoea ya ukuta wa mawe mpaka juu, kama kwa Tropheus, huua mzunguko wa maji nyuma yake.

Siku ya 16. Mashine ya RO

Hili limekula muda kuliko yote. Utando wa mashine umeandikwa galoni 75 kwa siku, kama lita 280, lakini kwa mgandamizo wa takribani bar 4. Simtanki iko juu ya mnara wa mita 4. Mita 10 za maji ni bar moja, kwa hiyo hapa tuna bar 0.4. Siku ya kwanza ilitoa lita 9 tu, nyingine zote zikaenda kwenye bomba la maji taka, na hata hizo 9 zilisoma 31 kwenye kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini). Mashine ni nzima. Kilichokosekana ni nguvu ya kusukuma. Imeongezwa pampu ndogo ya volti 24 yenye kubana hadi bar 4.5, pamoja na swichi ya kuizima maji ya simtanki yakiisha.

Sasa: maji ya bomba 180, baada ya utando 8, baada ya resini (chembe zinazonasa madini yaliyobaki) 0. Maji ya kisima cha jirani yalisoma 1,900. Yangemaliza resini ndani ya wiki, hatuyatumii. Kila lita moja safi huacha lita tatu za kumwagilia na kupigia deki.

Siku ya 25. Maji ya bahari

Kwa mji wa pwani, kujaza mara ya kwanza kwa maji ya bahari yenyewe kunaleta maana, mradi yachotwe mahali panapostahili. Ufukweni hapana. Mto Msimbazi unamwaga maji taka ya mji baharini, na mawimbi huyasambaza kushoto na kulia. Masika pia hapana, maji yanakuwa na tope na chumvi imeshuka. Tumechota nje kwa mashua, maji yakijaa, siku ya bamvua, bahari ikiwa imetulia. Madumu mapya 20 ya lita 20. Ya mafuta ya kula hayafai, utando wake hautoki hata kwa maji ya moto. Kilo 410 za kubeba. Panga watu wanne.

Kipimo: chumvi gramu 35 kwa kilo, KH 7, kalsiamu 415.

Refraktomita isisawazishwe kwa maji safi peke yake. Inaweza kusoma sifuri sahihi na bado ikadanganya kwenye 35. Changanya gramu 36.5 za chumvi safi (NaCl tupu, si ya mezani yenye madini joto) na gramu 963.5 za maji ya RO. Mchanganyiko huo unapaswa kusoma 35. Yetu ilisoma 33. Bila kurekebisha, tungeongeza chumvi ambayo haikuhitajika.

Kuua wadudu wa njiani: mililita 30 za klorini ya asilimia 3.5 kwa kila lita 100, ambayo ni miligramu 10 kwa lita. Saa 48 pipani, hewa ikipulizwa. Kisha klorini hupimwa kwa vidonge vya bwawa la kuogelea na mabaki kukatwa kwa thaiosalfeti ya sodiamu, gramu 7 kwa kila gramu ya klorini iliyobaki. Pima tena. Maji yasiingie tangini kipimo kikiwa bado kina rangi.

Siku ya 29. Kujaza

Mchanga wa aragonaiti, chembe za milimita 1 hadi 2, kilo 27, kina cha sentimita 3. Mchanga wa ufukweni una silika na mabaki ya kuoza, umeachwa. Maji yamemwagwa juu ya sahani ili mchanga usitimke. Jumla ya maji katika mfumo mzima, mawe na mchanga vikiwa vimetolewa: lita 330. Hii ndiyo namba ya hesabu zote za dawa kuanzia leo. Ile 300 ya tangi tupu isahauliwe.

Skima imewashwa. Chombo hiki hutengeneza mapovu madogo sana, na uchafu wenye asili ya protini hung'ang'ania kwenye povu na kupanda kikombeni kabla haujaoza. Kwenye maji baridi povu la namna hiyo halishikani, ndiyo maana mfugaji wa sikilidi hajawahi kukihitaji. Siku tatu za kwanza kinafurika ovyo. Kiachwe, kitatulia.

Siku ya 30 hadi 61. Kukomaza

Kukomaza ni kukuza bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Kishawishi kilikuwa kuhamisha sponji za machujio ya zamani, zilizojaa bakteria. Bakteria wa maji baridi wakitupwa ghafla kwenye chumvi ya 35, wengi hufa, na wewe unabaki na uchafu wao. Imetumika chupa ya bakteria wa baharini na kloridi ya amonia: gramu 2 kwa lita 330, inayotoa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita.

Siku ya 30 amonia 2, naitraiti 0. Siku ya 37 amonia 1.5. Siku ya 43 amonia 0.25, naitraiti imepita mwisho wa kipimo. Ilibaki hapo juu kwa siku 11, na hapa wengi hubadilisha maji yote kwa hofu. Hakuna haja. Kwenye maji ya bahari kloridi huzuia naitraiti kuingia kwenye matamvua, sumu yake ni ndogo mno kuliko kwenye maji baridi. Siku ya 58 naitraiti 0.1, naitreti 20. Siku ya 60 ikatiwa tena gramu 2 za kloridi. Baada ya saa 24 amonia 0, naitraiti 0. Tangi limekomaa. Limebadilishwa maji lita 80.

Taa zilizimwa muda wote huu. Mwanga bila mlaji hufuga mwani.

Siku ya 66

Utando wa kahawia umefunika mchanga siku nne baada ya kuwasha taa kwa saa 6. Ni diatomu (vimwani vyenye gamba la silika), kawaida ya tangi jipya, ila huu ulikuwa mzito. TDS ya maji ya kujazia: 6. Resini ilikwisha, na silika ni kati ya vitu vya kwanza kuponyoka. Resini imebadilishwa. Wiki mbili baadaye utando ulipauka wenyewe. Konokono kumi waliingizwa siku ya 74, wakidondoshewa maji ya tangi polepole kwa saa nzima, kwani wanyama wasio na uti huumia na tofauti ya chumvi kuliko samaki.

Siku ya 70. Karantini

Tangi la pembeni la lita 40: vipande vya bomba la PVC kama mapango, sponji, hita ya plastiki, kifuniko. Hakuna jiwe wala mchanga.

Amphiprion wawili wadogo, mmoja sentimita 4, mwingine 3. Tofauti hiyo imetafutwa makusudi. Samaki hawa wote huanza wakiwa dume. Mkubwa wa wawili ndiye hugeuka jike. Ukinunua wawili wakubwa walio sawa unaweza kuwa umenunua majike wawili, na hakuna atakayekubali kushuka.

Mfuko wa safari ndefu usidondoshewe maji kwa saa nzima. Humo pH imeshuka kwa hewa ya pumzi, na amonia imelala katika umbo lisilo na sumu kali. Ukifungua, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia huamka. Sawazisha joto kwa dakika 15 mfuko ukiwa umefungwa, andaa maji ya karantini yenye chumvi ile ile ya mfuko, hamisha samaki kwa bakuli, maji ya mfuko mwaga.

Madoa meupe ya baharini ni Cryptocaryon irritans. Si ndugu wa yale ya maji baridi, na haitikisiki kwa dawa ya nyumbani ya wafugaji wa sikilidi: chumvi na kupandisha joto. Hapa imetumika njia ya kuhamisha. Matangi mawili, samaki wanahamia jingine kila baada ya saa 72, mara nne, na linaloachwa linaoshwa na kukaushwa kabisa. Kimelea huangukia chini ili kizaliane. Kikitoa watoto, samaki ameshaondoka. Baada ya hapo, wiki tatu za kuangalia tu. Kimelea kikiingia tangi kubwa, samaki wote watoke na tangi likae siku 76 bila samaki. Dawa ya shaba humo ndani haiwezekani, kwa sababu ile ile ya siku ya 3.

Siku ya 88. Sakafu

Umeme ulikatika usiku kwa saa tatu. Kitundu cha kukata mvuto kilikuwa kimezibwa na chumvi iliyoganda na mwani. Mdomo wa bomba la kurudisha ulikuwa sentimita 13 chini ya uso: lita 78, pamoja na 3 za mabomba, ni 81. Nafasi ya chini ni 64. Lita 17 zilikutwa sakafuni, na kabati limevimba kona moja.

Hesabu ya mlangoni ilikuwa sahihi. Kosa ni kuiegemeza yote juu ya kitundu cha milimita 5. Mdomo umepandishwa hadi sentimita 3 chini ya uso, hivyo hata kitundu kikiziba ni lita 18 tu zitakazorudi. Vitundu sasa ni viwili, na kijiti cha meno hupitishwa kila Jumamosi. Pampu ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, imefungwa tangi la juu. Samaki hufa kwa kukosa hewa mapema kuliko kwa kukosa chujio.

Siku ya 104

Amphiprion wote wawili wako tangi kubwa. Chakula ni kamba aliyekatwakatwa, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, mara mbili kwa siku. Mkono uliozoea kulisha Tropheus 18 lazima ufungwe kamba. Naitreti 8, fosfeti 0.05. Hizi zisishushwe mpaka sifuri: matumbawe nayo yanakula, na tangi lililopaukia kabisa hukaribisha dainoflajelati, ute wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuliko mwani wowote.

Wauzaji wametaja samaki aitwaye kangaja mara mbili. Ni mzuri, ni wa pwani yetu, na huogelea mchana kutwa. Tangi la sentimita 120 kwake ni ukumbi wa kugeukia.

Siku ya 118. Boya

Kinachopotea hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji ya RO, kamwe si maji chumvi. Kazi hiyo inafanywa na boya na pampu ndogo. Konokono alipanda juu ya boya akaliweka chini, na pampu ikamwaga lita 30 kutoka pipa la lita 40. Chumvi ikashuka kutoka 35 hadi 32. Konokono wawili wamekufa, samaki hawakuonyesha dalili.

Kurudisha: polepole kwa siku tatu, alama moja kwa siku. Boya limewekwa ndani ya kipande cha bomba lenye matundu madogo. Pipa la akiba sasa ni la lita 12. Likimwagika lote, chumvi itashuka hadi 33.8, jambo linalovumilika. Usumbufu upo, linajazwa kila asubuhi.

Siku ya 141 (Januari)

Chumba nyuzi 32, maji 30.4. Feni mbili ndogo zimeelekezwa juu ya uso wa tangi la chini. Maji yanayopotea yamepanda kutoka lita 3 hadi 7 kwa siku, joto limeshuka hadi 27.8. Kila lita inayopotea huchukua takribani kilowati-saa 0.67 za joto, hivyo lita nne za ziada ni sawa na kuondoa wati 110 mchana na usiku. Ila feni ina kikomo: unyevu wa Dar miezi hii hauruhusu kushuka sana chini ya 26. Milango ya kabati iachwe wazi, la sivyo feni inazungusha mvuke ule ule. Mashine ya kupoza maji haitanunuliwa kwa ajili ya matumbawe laini yaliyozoea 28. Kwa matumbawe magumu ingekuwa hadithi nyingine.

Siku ya 150

Nemateleotris ametoka karantini. Wavu wa matundu ya milimita 6 umefunika tangi lote, kwani huyu hurukia sakafuni akishtuliwa na kivuli.

Matumbawe ya kwanza, yote ya kukuzwa: Sarcophyton kipande kimoja, Discosoma watatu, zoantidi kipande kimoja. Zoantidi hushikwa kwa glavu na miwani. Baadhi zina palitoksini, sumu kali, na jiwe lake halichemshwi wala kusuguliwa kwa brashi kavu. Taa huwaka kwa saa 8 kwa siku, ikianza nusu ya nguvu.

KH imeshuka kutoka 7.8 hadi 7.1 kwa siku kumi. Hapa soda ya kuokea inarudi kazini, kwa mizani: gramu 3 kwa lita 100 hupandisha KH alama moja. Kwa lita 330 na nyongeza ya 0.7 ni gramu 7, zikiyeyushwa kwenye lita moja ya RO na kudondoshwa kwa siku mbili, mahali penye mwendo mkali wa maji. Iwe bikaboneti tupu. Baking pauda ina asidi na wanga, na magadi ya sokoni yana mengine yasiyoandikwa kwenye mfuko.

Siku ya 163

Chumvi 35, joto 27.6, pH 8.1 asubuhi na 8.3 jioni, KH 7.9, kalsiamu 410, magnesiamu 1,290, naitreti 6, fosfeti 0.04. Kubadilisha maji ni lita 35 kila wiki mbili. Kwa kuwa masika inakaribia na hakuna wa kwenda kuchota, maji ya pakiti yameanza: gramu 37 za chumvi kwa lita ya RO, zikizungushwa saa 24 na kupimwa kabla ya kutumika.

Sarcophyton amejifunga kwa ngozi ya nta kwa siku tano. Anajivua, haguswi, pampu moja ya mawimbi imegeuziwa kwake ili ngozi ichukuliwe. Centropyge acanthops yuko siku ya 9 karantini, ameanza kula mwani uliokaushwa. Ataingia wa mwisho, usiku, taa zikiwa zimezimwa, baada ya jiwe moja la mbele kusogezwa ili mipaka ya wenyeji ivurugike kwanza.